Yai Lenye Sura Ngeni: Lipi Tule, Lipi Tutupe, Lipi Latuonya

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wafugaji wadogo na walaji wa mtaa, na kuchapishwa hapa kwa ajili ya elimu ya mlaji)



Leo nasema nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, lakini linagusa afya ya nyumba zetu na fedha za mifuko yetu, nalo ni mayai yasiyo ya kawaida yatagwayo na kuku tunaowafuga majumbani.

Nani miongoni mwetu asiyewahi kukutana nayo? Leo mtetea ametaga yai dogo mithili ya yai la njiwa. Kesho yai limekutwa kiotani halina ganda, ni ngozi laini inayobonyea kidoleni. Siku nyingine mama anavunja yai bakulini na kukuta viini viwili, au tone la damu, au kiini chenye rangi ya zeituni. Hapo ndipo kauli za nyumbani huachana. Mmoja husema yai litupwe. Wa pili husema kuku huyo ana mkosi, achinjwe kabla jua halijatua. Wa tatu husema chakula ni chakula, likaangwe liliwe.

Kila mmoja wa watatu hawa aweza kupata hasara. Wa kwanza hutupa chakula chema ambacho mtoto angekila. Wa pili hupoteza kuku ambaye angeendelea kutaga. Wa tatu aweza kula kitu ambacho kuku amekitoa kwa sababu ya maradhi. Hasara zote hizi zina chanzo kimoja, nacho ni kulihukumu yai kwa sura bila kujua sura hiyo imetokana na nini.

Neno langu la leo laweza kufupishwa hivi: sura ya yai hutuambia jinsi yai lilivyotengenezwa, wala si hukumu ya usalama wake. Mayai mengi yenye sura ya ajabu hayana madhara. Machache ni onyo. Na hatari tunayopaswa kuiogopa zaidi aghalabu hukaa ndani ya yai zuri, lenye ganda imara na kiini cha kupendeza.

Safari ya yai tumboni mwa kuku

Ili tuelewe kasoro, sharti kwanza tuujue utaratibu. Kwa kawaida ni ovari ya upande wa kushoto tu ndiyo inayofanya kazi kwa kuku aliyekomaa. Kiini kikishaiva huchomoka katika ovari na kudakwa na mdomo wa mrija wa mayai, ambamo hukaa muda wa robo saa hivi. Katika sehemu ya pili ya mrija, kwa muda wa saa 3 hivi, hufunikwa na sehemu kubwa ya ute. Katika sehemu ya tatu, kwa muda unaozidi kidogo saa 1, huvikwa tando mbili nyembamba. Kisha huingia katika tezi ya ganda na kukaa humo takriban saa 20, likivikwa chokaa tabaka juu ya tabaka. Mwishoni hutiwa rangi, pamoja na utando mwembamba mno wa nje unaoziba maelfu ya vitundu vya ganda. Safari yote huchukua saa 24 hadi 26.

Basi kazi hii ina hatua nyingi, na kila hatua yaweza kuwahi, kuchelewa au kurukwa. Karibu kila yai la ajabu mtakalolikuta kiotani ni matokeo ya hatua moja kukosea zamu yake.

Mayai ya ajabu yasiyo na madhara

La kwanza ni yai lenye viini viwili. Hutokea viini viwili vinapochomoka kwa kufuatana mno, vikavikwa ganda moja. Huonekana zaidi kwa tembe walioanza kutaga karibuni, ambao miili yao haijazoea mpango wake. Yai hili ni chakula kamili, liliwe bila hofu. Hata hivyo msiliweke chini ya kuku anayeatamia, kwani ni nadra sana kuanguliwa.

La pili ni yai dogo lisilo na kiini. Hili hutokea chembe ndogo ya nyama au ya damu inapoingia katika mrija, na mrija ukaidhania kuwa ni kiini, ukaivika ute na ganda. Liliwe likitakiwa, ingawa halishibishi. Kwa kuwa yai la namna hii limewatisha watu tangu zamani, na katika nchi nyingi likaitwa yai la jogoo, natoa mfano mmoja wa kihistoria. Mwaka 1474, katika mji wa Basel nchini Uswisi, jogoo alishitakiwa kwamba ametaga yai, akahukumiwa, akachomwa moto hadharani pamoja na yai hilo. Watu wa zama zile waliamini kwamba yai la jogoo likianguliwa hutoka nyoka mwenye macho ya kuua. Leo hatuwashitaki kuku, lakini bado wapo wanaowachinja kwa dhana ya mkosi. Kuku aliyetaga yai dogo leo, kesho au keshokutwa aweza kutaga yai kamili. Mpeni siku chache.

La tatu ni yai ndani ya yai. Yai lililokwisha kuvikwa ganda hurudishwa nyuma katika mrija badala ya kutoka, likakutana na lile linalolifuata, nayo mawili yakavikwa ganda la pamoja. Ni jambo adimu, na kwa kuku linaweza kuwa na maumivu kwa sababu ya ukubwa wake, lakini haliambukizi maradhi.

La nne ni tone la damu juu ya kiini. Wengi hudhani kwamba ni mwanzo wa kifaranga. Sivyo. Ni mshipa mdogo uliopasuka wakati kiini kikichomoka katika ovari. Mwenye kuona kinyaa aliondoe kwa ncha ya kijiko, na yai lipikwe. Vivyo hivyo zile kamba mbili nyeupe zilizoshikamana na kiini si uchafu wala si mdudu. Kazi yake ni kukishikilia kiini kikae katikati, na huonekana wazi zaidi katika yai jipya.

La tano ni ganda lenye vipele au madoa ya chokaa, ambalo aghalabu limepata chokaa kupita kiasi au lilikaa ndani muda mrefu kuliko kawaida. Nalo liliwe. Na ule mzingo wa kijani unaokizunguka kiini cha yai la kuchemsha hautoki kwa kuku kabisa. Hutoka jikoni, pale yai linapochemshwa muda mrefu mno, madini ya chuma ya kiini yakakutana na salfa ya ute.

Ganda laini na ganda lililokunjamana

Sasa tuje kwenye mayai yanayotuonya.

Ganda moja la yai lina takriban gramu 2 za kalisi, ambayo ndiyo asili ya chokaa yake. Mifupa yote ya kuku ina takriban gramu 20 tu. Maana yake ni kwamba kuku anayetaga kila siku hutoa mwilini kila siku kiasi kinacholingana na sehemu moja ya kumi ya kalisi ya mifupa yake. Asipolishwa ya kutosha, kwanza ataikopa katika mifupa. Ikiisha, ganda litakuwa jembamba, kisha laini, kisha halitakuwapo, na kuku mwenyewe ataanza kuchechemea.

Dawa ya upungufu huu si ghali. Wakazi wa pwani wana makombe, na wakazi wa kando ya maziwa wana magamba ya konokono. Kila nyumba ina maganda ya mayai yaliyotumika, ambayo yaweza kukaushwa kwa moto na kusagwasagwa mpaka yasifanane tena na yai, kuku wasije wakajifunza kudonoa mayai yao wenyewe. Chokaa hii iwekwe katika chombo cha peke yake, kila mtetea ajichukulie kwa kadiri ya haja, wala isichanganywe katika chakula cha vifaranga, kwani kalisi nyingi huwadhuru. Kwa kuwa ganda hujengwa zaidi usiku, ni vema chombo hicho kisikose kitu wakati wa alasiri.

Joto nalo ni sababu. Kuku hatoi jasho; hupoza mwili kwa kuhema. Anapohema sana hupoteza hewa ya kaboni ambayo mwili unaihitaji katika kutengeneza ganda. Ndiyo maana katika miezi ya joto kali, hasa pwani, maganda huwa mepesi hata kwa kuku anayelishwa vizuri. Kivuli, upepo wa kutosha bandani na maji baridi hufanya kazi ambayo chokaa peke yake haiwezi. Hofu pia huharibu ganda: mbwa akivamia banda usiku, au kuku wakihamishwa kwa purukushani, yai linaweza kutoka kabla ya saa zake.

Je, yai lisilo na ganda liliwe? Shauri letu ni kwamba lisiliwe. Ganda na ule utando wa nje ndio ukuta dhidi ya vijidudu, na yai lililolala kiotani bila ukuta huo halina kinga.

Lakini kuna swali kubwa kuliko hilo: ni kuku mmoja au ni wengi? Dalili ya mvua ni mawingu. Yai moja laini kutoka kwa tembe mmoja si jambo la kukosesha usingizi. Mayai mengi laini, au yenye maganda yaliyokunjamana na kupauka, kutoka kwa kuku wengi ndani ya siku chache, huku idadi ya mayai ikishuka, yaweza kuwa ishara ya ugonjwa.

Upo ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa, bronkitisi ya kuku, unaoweza kuufanya ute kuwa majimaji na ganda kuwa na mikunjo. Na kuku aliyeupata aweza kuendelea kutaga mayai mabovu hata baada ya kupona kikohozi. Upo pia mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huo huweza kutanguliwa na kushuka kwa utagaji na mayai yasiyo na ganda, kisha kuhara kijani, kupumua kwa shida, shingo kupinda, na vifo vya kuku karibu wote katika banda ambalo halikuchanjwa. Mdondo hauna tiba. Una chanjo. Hapa Tanzania chanjo ya I-2 inayotengenezwa nchini huvumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi, na hutolewa kwa tone 1 jichoni kila miezi 3. Wanakikundi wakichangia chupa moja, kila mtu hutoa fedha kidogo. Anayengoja mpaka aone shingo zimepinda amekwisha kuchelewa.

Rangi, harufu na jina la "kienyeji"

Rangi ya ganda hutegemea aina ya kuku, wala haiongezi wala kupunguza lishe. Yai la kahawia si bora kuliko jeupe. Lakini kuku aliyezoea kutaga mayai ya kahawia akianza ghafla kutaga yaliyofifia, tujiulize: amezeeka, ametishwa, anaumwa, au amepewa dawa? Ipo dawa ya kuzuia kuhara damu iitwayo nicarbazin, ambayo huweza kuyafanya maganda ya kahawia kuwa meupe ndani ya siku chache. Dawa hiyo haikusudiwi kwa kuku wanaotaga.

Rangi ya kiini hutegemea chakula. Kuku anayekula majani mabichi, mchicha au mahindi ya njano hutoa kiini chenye rangi ya chungwa. Yule anayekula mahindi meupe na pumba hutoa kiini kilichopauka. Chakula cha kuku chaweza pia kutiwa rangi kwa makusudi. Hivyo kiini chenye rangi kali si ushahidi kwamba kuku alitembea huru. Na hapa, ndugu walaji, ndipo fedha zenu zinapoingia. Yai la kienyeji huuzwa kwa bei ya juu, na muuzaji asiye mwaminifu aweza kuchambua mayai madogo ya tembe wa kisasa na kuyaita ya kienyeji. Udogo wa yai, rangi ya ganda na rangi ya kiini, vyote vitatu vyaweza kuigizwa. Kinga iliyo bora ni kununua kwa mtu unayemjua, ambaye yuko tayari kukuonyesha banda lake na kukueleza anawalisha nini kuku wake.

Mashudu ya pamba nayo yana visa vyake. Mashudu hayo ni chakula cha mifugo kinachopatikana kwa wingi katika mikoa inayolima pamba, na yana protini nzuri. Lakini mbegu ya pamba ina kemikali iitwayo gosipoli, inayoweza kukigeuza kiini kuwa cha kijani cha zeituni au cha hudhurungi. Mafuta yaliyobaki katika mashudu hayo yana asidi zinazoufanya ute kuwa wa waridi, na kiini kuwa kigumu chenye kunesa mithili ya mpira, hasa yai likikaa kwenye friji. Nalitaja hili kwa sababu nchi zetu zimepita katika uvumi wa mayai ya plastiki, na video za viini vinavyodunda zimewatia watu hofu. Kabla ya kuamini kwamba yai limetengenezwa kiwandani, fikirini kwanza alichokula kuku na mahali yai lilipohifadhiwa. Yai lililogandishwa hadi kuwa barafu nalo kiini chake hubaki kizito hata likiyeyuka, na utando wa yai lililokauka huchanika kama karatasi ngumu. Mfugaji naye apunguze mashudu ya pamba kwa kuku wanaotaga, maana mteja akishakuta kiini cha zeituni harudi.

Harufu ya samaki aghalabu hutoka kwenye dagaa waliowekwa kwa wingi katika chakula. Yai la namna hiyo laliwa, ila ladha yake humkera mlaji. Dagaa wakipunguzwa, harufu nayo hupungua.

Mayai ya kutupa bila kusita

Yapo mayai ambayo hayahitaji mjadala. Yai viza, lenye harufu ya uozo, litupwe, na bakuli lioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Yai ambalo ute wake una rangi ya waridi au ya kijani inayong'aa pamoja na harufu mbaya limeingiliwa na bakteria, litupwe. Hata pale ambapo waridi yaweza kuwa ni kisa cha mashudu, mlaji aliyeko jikoni hana njia ya kutofautisha, na heri kupoteza yai moja kuliko kulaza mtoto hospitalini. Yai lenye mdudu ndani, jambo la nadra sana, ni dalili kwamba kuku ana minyoo iliyopanda kutoka kwenye utumbo. Litupwe, na kuku wote wapewe dawa ya minyoo. Yai lenye ufa ambalo utando wake umechanika na majimaji yanavuja litupwe, hata kama muuzaji anapunguza bei.

Kipo pia kitu ambacho si yai ingawa hutoka mahali pale pale: bonge gumu lenye matabaka ya rangi ya jibini iliyochacha, wakati mwingine likiwa na umbo la yai. Hilo ni usaha ulioganda kutokana na uvimbe wa mrija wa mayai. Lisiliwe kamwe, wala lisitupiwe mbwa. Kuku aliyelitoa ni mgonjwa. Atengwe, na afisa mifugo aitwe.

Hatari isiyoonekana

Ndugu zangu, nimeiweka sehemu hii karibu na mwisho ili muondoke nayo.

Mfugaji ana kuku 15. Watatu wanakohoa. Anakwenda duka la pembejeo, anapewa unga wa antibiotiki, anautia katika maji ya kuku wote kwa siku tano. Katika siku hizo kuku wengine wanaendelea kutaga. Mayai ni mazuri, maganda yana nguvu, viini vina rangi ya dhahabu. Yanakusanywa, yanapangwa kwenye trei, yanauzwa. Hakuna jicho litakaloona kitu. Lakini dawa ile huingia katika kiini na katika ute, na huendelea kutoka katika mayai siku kadhaa baada ya tiba kwisha. Mlaji anameza antibiotiki asiyoandikiwa na daktari. Mwenye mzio aweza kupata madhara. Na vijidudu vinavyoonjeshwa dawa kidogo kidogo hujifunza kuizoea, mpaka siku mtoto anapougua kweli, dawa ikashindwa.

Kwa sababu hiyo kibandiko cha dawa ya mifugo hutaja idadi ya siku ambazo mayai hayapaswi kuliwa wala kuuzwa baada ya dozi ya mwisho. Siku hizo hutofautiana kati ya dawa na dawa. Dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Someni kibandiko kabla ya kulipa. Kisipotaja mayai, ulizeni kwa daktari wa mifugo kabla ya kuitumia. Mayai ya siku hizo yatupwe. Si ya kulisha nyumbani, si ya kumpa jirani, si ya kupeleka sokoni. Najua ni uchungu kutupa trei nzima. Kwa hiyo mfugaji awatenge na kuwatibu wagonjwa watatu peke yao, pale daktari anaposhauri hivyo, asiwanyweshe dawa wote kumi na watano.

Hatari ya pili isiyoonekana ni udongo. Kuku anayetembea huru hula alichokikuta ardhini. Akichakura mahali panapochomwa takataka za plastiki na nyaya, au panapovunjwa betri za magari, sumu huingia mwilini mwake na kutoka katika mayai. Mayai ya kuku waliotembea karibu na jaa la vifaa vya umeme la Agbogbloshie, katika jiji la Accra nchini Ghana, yalipopimwa yalikutwa na dioksini kwa kiasi kikubwa mno, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019. Nayo yalikuwa mayai ya kuku wa kienyeji, wale wale tunaowasifu kwa kuishi kwa asili. Dioksini hukaa katika mafuta ya kiini, wala moto wa jikoni hauiondoi. Basi tusichome plastiki uani, na kuku wasifugwe jirani na jaa au gereji ya betri.

Kuhifadhi na kupika

Yai lililo safi lisioshwe kabla ya kuhifadhiwa, kwa maana maji huondoa ule utando wa nje uliotajwa, na maji baridi huweza kuvuta vijidudu kupitia vitundu vya ganda. Uchafu kidogo upanguswe kwa kitambaa kikavu. Yai lililochafuka sana lisiwekwe akiba. Mayai yakusanywe kila siku, yahifadhiwe mahali pakavu penye ubaridi.

Jaribio la maji hutuambia umri, si usalama. Yai jipya hulala chini ya bakuli. Lililokaa husimama wima. Lililokaa sana huelea, kwa kuwa maji yamepungua ndani yake na nafasi ya hewa imeongezeka. Yai linaloelea livunjwe peke yake katika chombo cha pembeni, linuswe kabla halijachanganywa na mengine. Lakini yai linalozama laweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na vijidudu hivyo havina rangi wala harufu. Ulinzi wetu ni moto. Yai lipikwe mpaka ute na kiini vishikane, joto la ndani lifike nyuzi 70 za Selsiasi. Chipsi mayai yanayochuruzika na desturi ya kumeza yai bichi ili kulainisha koo viachwe, hasa kwa watoto, wajawazito, wazee na wagonjwa.

Mambo ya kuondoka nayo

Kwa mfugaji: weka daftari. Andika kila siku idadi ya mayai, na pembeni andika yenye kasoro. Daftari la kurasa chache litakuonyesha mapema kama ni kuku mmoja aliyekosea au ni banda zima linaloumwa. Andika pia jina la dawa, siku ya dozi ya mwisho, na siku ambayo mayai yataruhusiwa kuuzwa.

Kwa mlaji: muulize muuzaji maswali matatu. Mayai yametagwa lini? Kuku wamepewa dawa hivi karibuni? Wanachakura wapi? Maswali haya si utovu wa adabu. Ni haki ya anayetoa fedha yake. Muuzaji mwenye daftari atayajibu kwa furaha, na anayestahili bei ya juu ni yeye, hata kama yai lake lina ganda lenye vipele.

Kwa sote: yai lenye viini viwili tulile. Bonge la usaha tulitupe. Ganda laini tulisikilize. Na lile yai zuri kuliko yote trei nzima, tuulize kwanza limetoka wapi.